Daktari anataka CT scan kwanza, nyumbani wanataka baba apasuliwe kesho

Shikamoo mshauri,

Naomba usitaje jina langu, maana ndugu zangu wote wanasoma safu hii na kikundi chetu cha WhatsApp tayari kinawaka moto. Mimi ni binti wa kati katika familia ya watoto watatu. Naishi Tanga na wazazi. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Muscat, mdogo wangu wa kike anasoma Morogoro.

Baba ana miaka 66, ni fundi seremala, na ana sukari ambayo anaitumia vidonge vya metformin. Tangu mwaka jana alikuwa akipata choo chenye damu. Tukaamini ni bawasiri kwa kuwa aliwahi kuugua zamani, na mzee mmoja wa mtaani akampa mizizi ya kuchemsha. Damu ikapungua, lakini yeye akaanza kukonda, akawa anahema kwa kupiga randa ubao mmoja tu. Hospitali walimkuta hana damu, wakamwongezea, kisha wakampima utumbo kwa kamera. Tuliambiwa kuna uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana, na umebana njia kiasi kwamba kamera haikuweza kupita kwenda juu. Walikata kinyama kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi kwamba ni saratani.

Daktari wa upasuaji ameandika CT scan, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuonyesha ndani ya mwili, ya kifua, tumbo na nyonga, ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa, na akasema bila hiyo hapangi tarehe. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mimi ndiye mweka hazina wa mchango wa baba. Bima hatuna. Fedha tulizochanga zinatosha upasuaji na siku chache za wodini, lakini tukilipia CT linabaki pengo. Kaka alituma sauti kikundini: "Mnampima mtu ambaye tunajua anaumwa nini! Ultrasaundi imefanyika, ini safi. Eksirei ya kifua safi. Uvimbe unakua, nyie mnapiga picha." Kesho yake, kaka huyohuyo akaandika kwamba rafiki yake amemwambia CT imepitwa na wakati, kama ni picha basi tumpeleke baba Nairobi akapigwe PET, ile ya kuchomwa dawa yenye mionzi inayoonyesha saratani ilipojificha.

Baba mdogo hataki picha yoyote. Anasema wakikuta imefika kwenye ini, daktari atakataa kumpasua na kutuambia turudi naye nyumbani, kwa hiyo bora apasuliwe tukiwa na matumaini. Anamtolea mfano jirani yetu mmoja aliyepigwa CT, akaambiwa imesambaa, hakupasuliwa, na hakumaliza mwaka. Mama naye kasikia kwamba mionzi ya ile mashine huuamsha ugonjwa uliotulia.

Jioni moja baba alikuwa barazani, akaniomba ile karatasi ya CT. Akavaa miwani akaisoma yote mpaka mhuri, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza na sidhani kama aliambulia zaidi ya jina lake. Akanirudishia, akasema, "Mie nitolewe tu hiki kitu. Mambo mengine yenu." Sijui alimaanisha nini na niliogopa kumuuliza.

Tumeshapata hospitali nyingine ambako wako tayari kumpasua bila CT, na tarehe wametoa. Nikilipia CT, kaka atasema nimemchelewesha baba. Nikimpeleka kule na yakatokea mabaya, lawama ni zangu. Nikilipia na majibu yakaja mabaya, mimi ndiye nitakuwa nimeyaleta nyumbani. Nifanyeje?

Binti wa Kati, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kushika fedha za ugonjwa. Mwenye mfuko huo hulaumiwa zikitumika na hulaumiwa zikibaki.

Mimi si daktari. Kabla ya kukujibu nilimsomea barua yako daktari mmoja wa upasuaji ninayemwamini, nikaficha kila kinachoweza kukutambulisha. Ya kitabibu utakayoyasoma hapa ni yake, maneno ni yangu.

Ninavyoona, mnabishana kwa jina la CT lakini kila mmoja ana lake. Kaka yako anaogopa muda. Baba mdogo anaogopa habari. Mama anaiogopa mashine yenyewe. Wewe unaogopa kuwa ndiye uliyeamua. Hofu hizo nne hazitulizwi na jibu moja, ndiyo maana kila mkizungumza mnarudi palepale.

Nianze na kaka, kwa sababu ana hoja. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi za ucheleweshaji wa matibabu ya saratani. Kwa upasuaji, kila wiki nne za kuchelewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8, na saratani ya utumbo mpana ilikuwemo. Kwa hiyo anayesema tusikae ana haki ya kusema hivyo. Lakini hapo tunahesabu kwa wiki na miezi. Uvimbe wa aina hii kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo ndani ya utumbo na huchukua miaka kugeuka kuwa saratani, mara nyingi kumi hivi. Na kupigwa CT kwenyewe ni kulala kwenye kitanda kinachopita katikati ya pete kubwa kwa dakika chache. Kinachokula siku ni foleni, kutafuta fedha, na ripoti inayokaa kwenye meza ya mtu. Ningewauliza wote mnaosoma kikundi hicho: tangu karatasi iandikwe, siku zilizopotea zimeliwa na mashine au na mabishano?

Kuna hali moja tu inayofuta mjadala wote huu, na naomba uishike hata kama hutashika lingine. Kamera haikupita, maana yake njia imebana. Baba akianza kutapika, tumbo likajaa na kukaza, akakosa choo na hata ushuzi, au akashikwa na maumivu makali ya ghafla, hapo hakuna kusubiri karatasi wala kikao. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Utumbo ulioziba au kutoboka hupasuliwa kwa dharura, na madaktari ndio watakaoamua kama kuna nafasi ya kupiga picha kwanza.

Sasa hiyo "ini safi" ya kaka. Ultrasaundi ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, ila vidoa vidogo kwenye ini humpita hata mpimaji hodari, hasa mgonjwa akiwa na gesi nyingi tumboni, na mapafu haiyapimi. Eksirei ya kifua nayo huonyesha mambo makubwa na kuacha madogo. Daktari wenu anataka kuangalia ini na mapafu kwa sababu inayoeleweka: damu inayotoka kwenye utumbo mpana hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, kwa hiyo chembe za saratani zikichomoka, ini ndiko zinakotua mara nyingi zaidi, kisha mapafu. Asipoviangalia viungo hivyo kwa kipimo kinachoona vizuri, anampasua baba bila kujua anapigana na uvimbe mmoja au na zaidi.

Na si kusambaa peke yake. Picha humwonyesha kama uvimbe umegusa kibofu, mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo, au ukuta wa tumbo. Akijua mapema, atamwita mwenzake wa njia ya mkojo awepo siku hiyo, ataagiza damu ya kutosha, na atamwandaa baba kwa uwezekano wa kutoka na mfuko wa choo tumboni. Asipojua, atavikuta tumbo likiwa wazi. Kwa baba yako kuna jingine: kule juu ambako kamera haikufika. Mara chache mtu huwa na uvimbe wa pili kwenye utumbo uleule, na CT inaweza kuonyesha uliokuwa mkubwa. Vijinyama vidogo haitaviona, kwa hiyo hata mkiipiga, bado atahitaji kamera ya utumbo mzima miezi michache baada ya upasuaji. Liandike mahali, maana watu wakishapona kidonda husahau.

Barua yako inasema "upande wa kushoto". Muulize daktari: ni kushoto juu, au ni kwenye puru, ile sehemu ya mwisho kabisa, ndani ya sentimita 15 hivi kutoka njia ya haja kubwa? Kama ni puru, habari inabadilika. Huko huhitajika MRI ya nyonga, picha inayopigwa kwa sumaku, na wagonjwa wengi hupewa mionzi na dawa kabla ya kupasuliwa ili uvimbe usinyae. Anayekimbilia kisu hapo anaweza kuruka hatua isiyorudishika.

Baba mdogo ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu, kwa sababu anasema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu tunaliwaza kimya. Anaamini picha ikionyesha imesambaa, milango yote inafungwa. Sivyo ilivyo siku zote. Kuna wagonjwa ambao madoa yao kwenye ini ni machache na yanakatika, na baadhi yao hupona kabisa. Kuna wanaoanza na dawa za saratani kwa miezi kadhaa, kisha wakapasuliwa. Kuna ambao kwao upasuaji hauondoi ugonjwa lakini unafungua njia iliyoziba au kusimamisha damu, na mtu akarudi kula na kulala. Ni kweli pia kwamba wapo ambao daktari huona kisu kitawaumiza bure. Jirani yenu huenda alikuwa mmoja wao, lakini hatujui ugonjwa wake ulianzia wapi wala alifika hospitali akiwa na hali gani. Ningependa kumuuliza baba mdogo kwa heshima zote: kama ugonjwa umefika kwenye ini, utaondoka kwa sababu hatukuupiga picha? Na baba akipasuliwa, akakaa na kidonda wiki sita, ndipo ikajulikana, hizo wiki sita tungezitumiaje kama tungejua?

Hata hivyo sitaki uione hospitali ile nyingine kama ya watu wasiojali. Zipo sehemu nyingi ambako CT haipatikani kwa urahisi, na madaktari wa upasuaji hufanya kazi kwa ultrasaundi na eksirei, kisha huipapasa ini kwa mkono tumbo likishafunguliwa, na CT hufuata baadaye. Wagonjwa wao hawaachwi. Kama uvimbe wa baba unakaribia kuziba kabisa, huenda wao ndio wanaosoma hali vizuri zaidi. Ila nenda ukawaulize moja kwa moja: mkifungua mkakuta imeshika kibofu, au mkahisi kitu kwenye ini, mtafanya nini siku hiyo? Nani ataamua, na mtatuita nje ya chumba kusaini nini? Swali hilo likijibiwa kwa utulivu, ni dalili njema. Wakikupuuza, nalo umelisikia.

Upande wa pili, usiitarajie CT ikuambie kila kitu. Tezi zilizo jirani na utumbo huwa inazikosea: kubwa inaweza kuwa imevimba tu, ndogo ikawa na saratani ndani. Mbegu ndogo zilizotapakaa kwenye utando wa tumbo inaweza isizione. Mara nyingi hurudisha jibu la nusu, "kuna kidoa kwenye pafu, hakieleweki". Vidoa vya namna hiyo ni vingi, na vingi havina madhara, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Kabla hamjalipa, muulize daktari: likija jibu la nusu, upasuaji utaendelea, au tutaanza mzunguko mwingine wa vipimo? Hapo ndipo familia nyingi hupotelea.

Kwa mama, mwambie hivi taratibu. Mionzi ya CT moja haiamshi saratani iliyopo wala haiisambazi. Kipimo chochote cha mionzi kina hatari yake ndogo ya miaka ya mbele, lakini kwa mzee wa miaka 66 mwenye uvimbe tayari, madaktari huona faida inaishinda kwa mbali. Kinachohitaji uangalifu kwa baba ni ile dawa ya mshipani na sukari yake. Apimwe figo kwanza, kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, na muwaambie wahudumu kwamba anatumia metformin na kama ana mzio wowote. Figo zikiwa dhaifu, wanaweza kumsimamishia metformin kwa siku mbili hivi, au kufikiria njia nyingine. Na mwandae mwenyewe: dawa ikiingia, mwili mzima hupata joto, mdomoni huja ladha ya chuma, na mtu huhisi kama amejikojolea wakati yu mkavu. Wazee wengi hupata aibu na hofu hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Sauti itasema "vuta pumzi, zuia", kisha "pumua". Ni hivyo tu.

Kuhusu PET, rafiki wa kaka amesikia jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Kipimo hicho kipo Nairobi kweli, lakini kwa saratani ya utumbo mpana si cha kuanzia. Hutumika pale CT imeacha swali gumu, au wanapofikiria kukata madoa ya ini na kutaka kujua kama kuna mengine yamejificha. Kumsafirisha baba na damu yake hiyo kwa kipimo ambacho daktari hajakiomba, huko ndiko kuchelewa anakokuogopa kaka mwenyewe. Na hiyo CT "iliyopitwa na wakati" inazidi kupewa kazi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FOxTROT, wa Uingereza, Denmark na Sweden, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000. Waliopewa wiki sita za dawa za saratani kabla ya upasuaji walikuwa na wachache zaidi waliorudiwa na ugonjwa ndani ya miaka miwili, na wagonjwa walichaguliwa kwa kutazama CT zao. Si hospitali zote zinafanya hivyo, wala sisemi baba anafaa. Nataka kaka aone tu kwamba picha inaweza kubadilisha kipi kianze.

Fedha. Kabla hujaligusa fungu la upasuaji, ingia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Hospitali za umma zina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, na kuuliza hakukupunguzii heshima. Siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina mashine ya CT, kwa hiyo linganisha bei, lakini hakikisha ni ile aliyoandika daktari, yenye dawa, kifua hadi nyonga. Ya bei rahisi iliyoacha kifua mtailipia mara mbili. Dai CD au filamu pamoja na ripoti. Mkiamua kuhamia hospitali nyingine, picha itakwenda nanyi, ila ikikaa miezi kadhaa wataomba mpya.

Umeniuliza ufanyeje, nami sikuchagulii. Naona njia tatu mbele yako: kulipia CT wiki hii na kumwomba daktari wa kwanza akutajie tarehe ya makadirio sambamba, ili kaka aone foleni haijasimama, kwenda hospitali ya pili ukiwa na maswali yale, au kuwauliza madaktari wote wawili jinsi njia ilivyobana, maana hilo ndilo linalosema mna muda kiasi gani. Njia hizi hazifungani. Unaweza kuanza na ya tatu kesho asubuhi, na haina gharama kubwa.

Lakini mbona maamuzi yote haya yapo kwako? Baba ana akili timamu, na tumbo ni lake. Mmeongea yeye akiwa barazani, nyuma ya ukuta tu, na amewasikia zaidi ya mnavyodhani. "Mambo mengine yenu" inaweza kuwa ya mtu asiyetaka kujua, na yapo maradhi ambayo mtu ana haki ya kutotaka kujua. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyechoka kuona anajadiliwa. Aliisoma karatasi hadi mhuri, mwanangu. Asiyetaka kujua haombi karatasi.

Msomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mkiwa wawili. Kisha muulize jambo moja: "Baba, majibu yakitoka, ungependa daktari akwambie wewe, atuambie sisi, au tukae wote?" Akisema sisi, muulize ni nani kati yetu, ili usije ukabeba peke yako. Akisema yeye, basi hata hilo la kulipia au kutolipia anaweza kuwa na neno nalo, na hutakuwa tena wewe uliyeleta habari nyumbani. Ukishamaliza naye, ndipo umpigie kaka simu. Umpigie, usimwandikie kikundini.